Je, konstebo mpya hapa kwetu hupewa mtu wa kumfundisha kazini kama Nolan?

Dada wa Konstebo, Umoja
Hamjambo. Kila jioni nikitoka kazini natazama The Rookie, ile tamthilia ya Nathan Fillion iliyoanza 2018. John Nolan anaacha kazi yake ya ujenzi Pennsylvania, anaingia polisi Los Angeles na miaka yake 45. Kwetu Kenya asingevuka hata foleni ya usajili, maana kuruta huchukuliwa wa miaka 18 hadi 28.

Kinachonikosesha usingizi si umri. Nolan ameshafuzu, ana sare na bunduki, lakini kila zamu yuko garini na Talia Bishop, anamfundisha na kumpima. Wenzake wapya nao vivyo hivyo: Chen ana Bradford, West ana Lopez. Sehemu ya kwanza, West alipoganda risasi zikilia, nilizima TV nikaenda kusimama jikoni. Mdogo wangu amefuzu chuo cha polisi Kiganjo, kapangiwa kituo mbali na nyumbani. Siku ya paredi nililia kwa furaha. Sasa najiuliza, yeye akiganda, nani yuko kando yake?

Koplo Mstaafu
Binti yangu, pole. Nitakwambia niliyoyaona zamani zangu, ya leo waseme walio kazini. Sikukabidhiwa mwalimu kwa barua. Mkubwa uliyepangwa naye doria ndiye mwalimu wako.

Unakumbuka Bradford anavyojifanya amepigwa risasi na kumtaka Chen aseme wako wapi? Koplo wangu alinifanyia hivyo hivyo, tena tukiwa kwa miguu, usiku. Nikajibu, "Jogoo Road, afande." Akasema, "Jogoo Road ni ndefu, na mimi natoka damu. Kabla ya Burma au baada?" Sikujua. Tangu siku hiyo nilitembea nikihesabu vituo vya barabara hiyo kimoyomoyo: Burma, Maringo, Makadara. Hadi leo nikiwa kwenye matatu nahesabu.

Na kuganda si woga. Mimi niliganda. Yule koplo alinishika mshipi akanivuta nyuma ya ukuta, na asubuhi hakumwambia mtu. Muulize mdogo wako anatoka doria na nani.

Wa Kayole
Niongeze kidogo kuhusu Los Angeles. Kule chuo huchukua kama miezi sita, kisha kuna mwaka mzima wa majaribio, na ukishindwa unarudishwa nyumbani. Nolan mwenyewe ametokana na mtu wa kweli, William Norcross, aliyejiunga na polisi wa huko akiwa na zaidi ya miaka 40.

Dada wa Konstebo, Umoja
Asante sana, mzee. Nimempigia. Anatoka na sajini mmoja, mama mtu mzima, ambaye hamwachi apumue kwa maswali: lango lile ni la nani, njia hii inatokea wapi. Alikuwa analalamika, nami huku machozi yananitoka. Nimemwambia amsalimie huyo mama, na akija Nairobi, chapati ziko kwangu.