Naomba ushauri: zabuni ya sola na laini inayokatika mchana

Habari zenu wakuu. Tunaandaa zabuni ya kuliuzia shirika la umeme nishati ya sola, megawati 1, Uvinza mkoani Kigoma, kwenye laini ya kilovoti 33. Kinachotukwamisha ni laini kukatika mchana: inveta (mitambo inayogeuza umeme wa sola uweze kuingia kwenye laini) hujizima zenyewe kwa usalama wa mafundi wa laini, jua linapotea na marejesho ya benki yako palepale. Tumejaribu kupunguza makadirio ya uzalishaji kwa asilimia 5; bei ya uniti ikapanda asilimia 5.3, na zabuni kama hizi hushindaniwa kwa senti.

Je, tuombe kipengele cha kulipwa umeme ambao ungezalishwa, au tubebe hasara hiyo kwenye bei? Na kumbukumbu za kukatika kwa laini huombwa kabla ya kuwasilisha, au wakati wa kujadili mkataba?