Matundu kwenye mkono wa sweta: kuongeza na kupunguza vitanzi

MfumajiNkuhungu:
Habari zenu wanajukwaa. Ninamfumia mwanangu sweta la shule kwa sindano mbili, nikitaka alipate kabla ya baridi ya Juni na upepo wetu wa Dodoma. Mkono nimeuanza kwenye pindo kwa vitanzi 40, na unatakiwa ufike kwapani ukiwa na 60. Kila ninapoongeza kitanzi hubaki tundu. Nako begani, ninapopunguza, ukingo mmoja hutoka laini na wa pili hukaa ngazi ngazi. Naomba kueleweshwa sababu, si kanuni ya kukariri.

UziNaSindano:
Dada, sababu imo katika kitanzi chenyewe. Kila kitanzi kimevutwa kupitia kile cha safu ya chini yake, na baina ya kitanzi na jirani yake kuna kipande kifupi cha uzi kinachoviunganisha. Nadhani wewe hukiinua kipande hicho na kukifuma kikiwa wazi. Kiinue kwa sindano ya kushoto kutoka mbele kwenda nyuma, kisha ukifume kwa kupitia mguu wake wa nyuma, yaani upande wake ulio nyuma ya sindano, nacho kitajisokota na kuziba.

Kwenye kupunguza, tazama ni kitanzi kipi kinalala juu. Ukifuma viwili pamoja kama kawaida, cha kushoto hulala juu na mstari huegemea kulia. Hiyo inafaa mwishoni mwa safu. Mwanzoni unahitaji kinyume chake: hamishia viwili sindano ya kulia kimoja kimoja, ukiingiza sindano kama unayefuma, virudishe vilivyo, kisha uvifume pamoja kwa nyuma. Mstari utaegemea kushoto, sambamba na ukingo.

BibiWaMpwapwa:
Mwanangu, hesabu nayo isisahauliwe. Tofauti ni vitanzi 20, na kila mara unaongeza viwili, kimoja kila upande, kwa hiyo utaongeza mara 10. Ikiwa hadi kwapani ni safu 80, ongeza kila baada ya safu 8. Usiongezee ukingoni kabisa. Acha kitanzi kimoja, la sivyo kuunganisha mkono kutakusumbua.

MfumajiNkuhungu:
Shikamoo Bibi, nashukuru, nawe pia UziNaSindano. Nimeshafika kwenye kiwiko; je, nifumue?

BibiWaMpwapwa:
Marahaba. Usifumue. Chukua uzi uleule na sindano ya kushonea, uyakaze matundu hayo kwa upande wa ndani, kisha uendelee.