Alizeti: mwaka huu zimejaa mpaka kwenye korido, mwaka unaofuata hakuna. Mnajuaje mapema?

kamashine_UngaLtd
Habari za jioni wakuu. Niko Arusha, Unga Limited, nina kamashine kangu ka kukamua alizeti, mzigo natoa Babati na Hanang, ukikata nasogea mpaka Kondoa. Kinachonichanganya ni hivi, kuna miaka madalali wananipigia wenyewe hata sijawatafuta, nyumba za watu zimejaa magunia mpaka kwenye korido, halafu mwaka unaofuata nazunguka na fuso tupu vijijini mafuta ya gari yanaisha narudi na gunia chache za mapepe, maganda matupu yasiyo na kiini. Sasa msimu huu nataka nifunge mzigo mwezi wa saba nije kuufungua Januari, ila kila ripoti ninayosoma inasema uzalishaji umeongezeka, sawa, uzalishaji ukiongezeka ndio stoo zimejaa? Mnaangalia nini nyie? Na hizi habari za Ukraine na Indonesia zinanihusu nini mimi wa hapa Unga Ltd? Wenye matusi piteni kimya kimya.

bodaboda_msomi
Mkuu ungekamua nazi tu ukalala usingizi 😂

ghala_na_bei
Uzalishaji na stoo ni vitu viwili mkuu, na wengi wanaliwa hela hapo. Akiba ya mwisho wa msimu inapigwa hivi: chukua kilichobaki msimu uliopita, jumlisha mavuno, jumlisha kilichoingia kutoka nje, toa kilichokamuliwa, toa kilichouzwa nje, toa mbegu na kilichooza. Kilichobaki ndio akiba, kwahiyo mavuno yanaweza kupanda na akiba ikashuka mwaka huohuo kama viwanda vimekula zaidi. Kingine, hata akiba ikiwa kubwa uliza iko wapi. 2021 Ukraine walivuna alizeti vizuri mno, Februari 2022 vita ikaanza, bandari za Bahari Nyeusi zikafungwa, mzigo ukakwama kwenye maghala yao. Kwenye makaratasi akiba yao ilipanda, huku kwetu bei ya mafuta ikapaa, kwasababu mzigo upo lakini hautoki. Indonesia nao tarehe 28 Aprili 2022 wakazuia mawese kwenda nje, matenki yakajaa, viwanda vikaanza kukataa matunda ya michikichi ya wakulima, 23 Mei wakafungulia, mawese yakamwagika sokoni na bei ya dunia ikashuka kama jiwe kati ya Juni na Julai.

Kwanini inakuhusu: kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya mafuta tunayokula nchini yanatoka nje na mengi ni mawese. Mama akiona alizeti imepanda ananunua mawese ya kupima, basi. Mkulima wetu alishaona bei tamu ya 2022, mbegu za ruzuku zipo, akalima kwa fujo, anakuja kuvuna 2023 anakuta mawese ya nje yameshashuka. Mnakumbuka wabunge wa mikoa ya alizeti walivyolia bungeni kuhusu ushuru wa mafuta ya nje. Aliyevunjika moyo pale msimu uliofuata hakupanda, na wewe ukazunguka na fuso tupu. Ukitaka kujua mzigo wa mwaka kesho angalia bei mkulima aliyouzia mwaka huu, usiangalie ripoti.

dalali_wa_Babati
Huyo juu kaongea vizuri ila ananunua alizeti kwenye kompyuta. Hayo magunia yaliyo ndani ya nyumba ya mkulima Magugu au Bashnet nani ameyahesabu? Hakuna. Na ndio akiba kubwa kuliko ya maghala. Huku alizeti ni benki, mtu anatoa gunia moja mtoto ameumwa, gunia tatu msiba, na Januari anashusha zote zilizobaki kwasababu shule zimefunguliwa na ada zinatakiwa. Sasa wewe unataka kufungua stoo yako Januari, utakutana na kila mtu yuko barabarani na gunia lake. Nakushauri uza Novemba au subiri mpaka Machi, Aprili hivi wakati majumbani kumekauka.

Kingine pita mashambani mwezi wa kwanza na wa pili uone wanapanda nini. 2017 India walipobana mbaazi kuingia kwao watu huku waliumia vibaya, wengine wakageukia alizeti. Ngwara, yale maharage meusi, ikipanda bei Kenya wanaiacha alizeti wanakimbilia ngwara. Shamba ni lilelile, zao ndio linabadilishwa.

kamashine_UngaLtd
Dah hiyo ya ada sikuiwaza kabisa, asante kaka. Sasa nikifunga mpaka Aprili si zinaharibika? Stoo yangu ni bati tupu juu na jua la hapa mnalijua.

mama_mafuta_Kilombero
Mdogo wangu hapo kuwa makini, mimi nauza mafuta hapa soko la Kilombero na mafuta ya alizeti zilizokaa vibaya nayajua kabla sijafungua dumu, yananuka kama rangi ya zamani na mteja ukimuuzia mara moja harudi. Unyevu ndio adui, zikaushe zishuke kwenye asilimia 9 au chini, magunia yasikae sakafuni weka mbao, usiyabane na ukuta. Na wakati wa kununua usiamini mdomo wa gunia, piga bambo, kile chuma cha kuchomea gunia kutoa sampuli, mpaka katikati maana juu wanaweka nzuri kavu, katikati mbichi zinachemka, mkono wenyewe unasikia joto. Halafu kataa lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo, unapopima, nunua kwa kilo. Na dalali asikudanganye na huo mwezi wa nne, mimi nimeona mwezi wa nne bei imelala kwasababu meli za mawese zimeshusha Dar, akiba ya majumbani imekwisha kweli lakini bei haikusogea.

dalali_wa_Babati
Mama sijadanganya mtu, nimesema majumbani kumekauka, sijasema bei lazima ipande 😅

ghala_na_bei
Mama yuko sahihi, akiba ya kijijini inapanga mzigo utaupata wapi, bei ya juu kabisa inawekwa na mawese. Mkuu gawa mzigo, nusu kamua ukiwa mpya wa msimu, nusu ndio ubahatishe nayo. Na usikope benki kwa ajili ya kufunga, riba inakula Januari Februari Machi yote.

mangi_wa_Kibosho
Mnaongelea mafuta tu, sisi wenye ng'ombe huku mlimani tunaangalia mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, ndio chakula cha ng'ombe. Alizeti ikikosekana maziwa yanashuka Moshi nzima, na hata ikiwepo wanunuzi wa Kenya wanayabeba yote Namanga sisi tunabaki na pumba. Mkuu kamashine kumbuka mashudu ni hela, kuna miezi mafuta yanarudisha gharama na faida yote iko kwenye mashudu. Ila ya mashine ndogo yanabaki na mafuta mengi ndani hayakai, yakipata unyevu ni sumukuvu, sumu ya ukungu, nilishapoteza mtamba kwa mambo hayo. Ukikamua niambie nije na kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, mradi yasiwe ya mwaka jana.

kamashine_UngaLtd
Karibu mangi, njoo PM tuelewane bei ya kilo. Nusu nakamua Agosti.