Naomba ushauri: vito vya shaba nivichovye fedha, au nihamie fedha 925?

Mkono wa Shaba
Wakuu salaam. Natengeneza hereni, bangili na pete kwa shaba nyekundu na shaba ya njano. Kukata, kulehemu na kung'arisha nafanya mwenyewe. Wateja wanataka rangi ya fedha, nami niko njia panda: kazi zilizokamilika nizipeleke zikachovywe (zifunikwe utando wa fedha kwa umeme), au ninunue bamba na waya wa 925 (fedha sehemu 925 kati ya 1000, iliyobaki huwa shaba)? Halafu kuna ile dawa ya kupaka kwa kitambaa bila umeme, inafaa kwa kazi ya kuuza? Hasa nataka kujua unene wa mchovyo unaodumu, maandalizi kabla ya kuchovya, na ni wapi mchovyo haufai kabisa.

Sonara wa Tupa
Mkuu, usiamue mara moja kwa kazi zako zote. Amua kwa kila aina, kwa kuangalia inasuguana na nini. Hereni ya kuning'inia haisuguliwi na chochote, maikroni 3 hadi 5 zinaitosha (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Bangili inagonga meza na kusuguana na mwenzake, usishuke chini ya 10. Pete hata ukiipa 15 au 20, upande wa kiganja utaanza kuonyesha shaba mapema kuliko mvaaji anavyotarajia. Kwa hiyo pete fanya fedha 925 tupu, hilo mimi sina mjadala nalo.

Dawa ya kitambaa achana nayo kwa kazi ya kuuza. Pale fedha hukaa kwa kubadilishana nafasi na shaba inayoyeyuka. Uso ukishafunikwa, shaba haifikiwi tena na kazi inasimama, hata usugue mchana kutwa. Utabaki na utando mwembamba sana, chini ya maikroni moja, unaotoka kwa kitambaa kilekile cha kung'arishia.

Fundi Mchovyo
Naunga mkono, niongeze hesabu. Ampea moja kwa saa moja huweka takriban gramu 4 za fedha. Ukiendesha ampea 1 kwa kila desimita mraba, unapata kama maikroni 0.64 kwa dakika, yaani maikroni 10 ni dakika 16 hivi. Bangili yenye uso wa sentimita mraba 40 kwa unene huo inakula miligramu 420 tu za fedha. Bangili hiyohiyo ikiwa fedha tupu inaweza kufika gramu 25. Maana yake unacholipia kwenye mchovyo ni kazi na dawa, fedha yenyewe ni kidogo mno. Kwa hiyo usikubali mchovyo mwembamba eti kwa kubana matumizi. Taja maikroni unazotaka na ziandikwe kwenye oda.

Sasa maandalizi, maana lawama nyingi za "mchovyo mbaya" chanzo chake ni kazi iliyoletwa. Mchovyo haufichi mkwaruzo, unaung'arisha tu uonekane zaidi. Maliza msasa na polishi hadi mng'ao unaoutaka kabla hujaleta. Mabaki ya boraksi (dawa ya kusaidia lehemu itiririke) kwenye maungio lazima yatoke yote. Yakibaki, dawa inajificha chini yake, kisha inavuja baada ya siku kadhaa na kuacha madoa. Vivyo hivyo matundu madogo ya kazi ya kumimina, na mirija iliyozibwa ncha zote mbili: toboa tundu la kutolea hewa na maji.

Mafuta ya polishi ndiyo adui mkubwa. Osha kwa maji moto na sabuni kwa brashi laini, suuza, kisha nyanyua kipande utazame maji yanavyoshuka. Yakikaa kama utando mmoja usiokatika, uso ni safi. Yakijikusanya matone au kuacha visiwa vikavu, bado kuna mafuta, na hapo ndipo mchovyo utakapobambuka. Baada ya hapo usiguse kwa kidole, shika kwa waya wa shaba.

Na muulize fundi wako kama anatanguliza mchovyo wa kwanza, ule wa dawa yenye fedha kidogo sana. Shaba ikitumbukizwa moja kwa moja kwenye dawa kuu, fedha inaikimbilia kabla umeme haujafanya kazi, inakaa bila kushika, na kila kinachowekwa juu yake kinatoka kama ganda.

Usijaribu hii nyumbani kwa dawa ya sianidi. Ni sumu kali, na ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua.

Bi Vidani
Hapo mmeruka tabaka la kati. Shaba hupenya taratibu hadi juu ya fedha na kuifubaza, ndiyo maana wengi huweka nikeli katikati. Nikeli inazuia vizuri, lakini ngozi za watu wengi haziipendi, na fedha ikichakaa ndiyo inayobaki kugusana nao. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: kwa kinachopita kwenye tundu la sikio, nikeli isitoke zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita mraba kwa wiki, na 0.5 kwa kinachogusa ngozi muda mrefu. Omba tabaka la aloi nyeupe ya shaba, bati na zinki badala yake.

Na kulabu za hereni usichovye kabisa. Tumia waya wa 925 wa milimita 0.8, uuning'inize kwenye mwili uliochovywa. Waya kidogo, na mteja hatoki damu wala hawashwi. Angalia pia usiuziwe ile aloi ya shaba, zinki na nikeli inayobandikwa jina la fedha: haina hata chembe ya fedha.

Mkono wa Shaba
Asanteni sana. Je, kazi iliyochovywa ikivunjika inalehemeka? Na kama nikihamia 925 kwa pete, kuna nini tofauti na shaba?

Sonara wa Tupa
Hailehemeki ukabaki na mchovyo. Fedha na shaba zikigusana huanza kuyeyuka pamoja kwenye nyuzi 779 za Selsiasi tu, kwa hiyo moto wa lehemu ngumu (lehemu ya fedha) unaizamisha fedha ndani ya shaba, inatoweka mbele ya macho. Utang'arisha upya na kuchovya upya. Ndiyo maana kupunguza au kupanua pete ya kuchovya ni hasara. Jiwe nalo lipachikwe baada ya kuchovya, na ukingo usukumwe kwa kifaa laini kisicho na makovu.

Kwa 925, uzito kwanza: kipande cha gramu 10 za shaba ya njano kitahitaji gramu 12 hivi za fedha. Waya wa milimita 1, mita moja ni gramu 8 na kidogo. Tengeneza mfano kwa shaba, urekebishe vipimo, ndipo ukate fedha. Vumbi la tupa na vipande vikusanye mbali na vya shaba na lehemu, vinayeyushwa tena.

Moto: 925 inaanza kuyeyuka nyuzi 802, na inapitisha joto haraka, hivyo pasha kipande chote kabla ya kusogeza mwali kwenye ungio. Paka asidi ya boriki iliyochanganywa na spiriti kabla, la sivyo shaba iliyomo inaungua chini ya uso na kuacha wingu la kijivu linalohitaji msasa mrefu. Na usitumbukize koleo la chuma kwenye asidi ya kusafishia, fedha yako itatoka ya pinki.

Bi Vidani
Muhuri wa 925 usiupige kwenye mwili wa shaba, hata kama kulabu ni 925. Andika wazi: "mwili wa shaba uliochovywa fedha maikroni 5, kulabu za fedha 925". Na umwambie mteja asitumie polishi ya mchanga, kitambaa laini tu, na ahifadhi kwenye mfuko uliofungwa, mbali na raba na sufu, maana salfa yake ndiyo inayoleta weusi.

Mkono wa Shaba
Nimeelewa: pete na kulabu 925, hereni na bangili mchovyo. Swali la mwisho, hereni zangu za awali nililehemu kwa risasi na bati, zinachovyeka?

Fundi Mchovyo
Zinachovyeka kwa shida. Fedha haishiki vizuri juu ya risasi, na risasi inachafua dawa, hivyo fundi anaweza kuzikataa kabisa. Mwambie kabla hazijaingia, aanze kwa kuzifunika shaba kote, ndipo fedha. Asipokubali, fungua maungio, kwangua lehemu yote ya zamani hadi shaba tupu, uzilehemu upya kwa lehemu ya fedha. Ukibakiza risasi kidogo, kwenye moto mkali itakula shaba na kuacha mashimo.