Maiti haina mwenyewe: kamati ya msikiti yaweza kuizika?

Jamaa_wa_Likoni: Assalaam aleikum. Maiti ya mwanamume imetolewa baharini upande wa Mtongwe, hapa Mombasa, haina kipande (kitambulisho) wala simu. Polisi wameipeleka mochari. Kamati yetu ina sanda tayari, yataka kumkosha na kumzika leo. Tunaambiwa tungoje. Sheria yasemaje?

Karani_Mstaafu: Waaleikum salaam. Leo haiwezekani, hata mkiwa na nia njema. Kifo cha namna hii kiko chini ya kifungu cha 386 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya: mkuu wa kituo cha polisi (OCS) lazima achunguze na kumwarifu hakimu. Chukueni namba ya OB (daftari la matukio la polisi), ndiyo itakayoulizwa kila mlango.

Kisha kuna Kanuni za Mochari za Umma za 1991. Maiti haifai kukaa mochari zaidi ya siku 10. Ikifika 21 bila mwenyewe, mochari huomba idhini ya mahakama na kutoa tangazo la siku 14. Andikeni barua sasa hivi kwa msimamizi wa mochari, nakala kwa OCS, kwamba mahakama ikiidhinisha, kamati itagharamia maziko. Mkinyamaza, atazikwa na kaunti pamoja na wengine.

Bi_Maabara: Hizo siku zitumieni kumtambua. Kwanza alama za vidole vyote kumi, zilinganishwe na zile za usajili wa vipande. Maji hukunjakunja ncha za vidole. Fundi hudunga maji chini ya ngozi zijae ndipo apige wino. Ngozi ya kiganja ikivuka kama glavu isitupwe, bado husomeka. Mtoto hana alama kwenye usajili huo, na mgeni vilevile, kwa hiyo hapo ni meno na DNA.

Sampuli ya DNA itolewe kabla maiti haijatiwa fomalini ya kuihifadhi, kwani dawa hiyo huharibu DNA. Maiti ikishaoza, damu haifai tena. Wachukue jino zima au kipande cha mfupa wa paja. Na tafadhali, msitegemee mtu kuja kutazama uso. Uso uliovimba humfanya mtu amtambue asiye wake, na maiti ikishazikwa kimakosa familia mbili zimeumia.

Jamaa_wa_Likoni: Akitokea mwanamke akasema ni mumewe?

Bi_Maabara: DNA yake peke yake haisaidii, hawana damu moja. Aje na watoto wa marehemu, au wazazi wake, au ndugu wa tumbo moja. Hupanguswa ndani ya shavu kwa pamba, basi. Majibu yataka subira: miili ya waumini waliofunga hadi kufa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilianza kufukuliwa Aprili 2023, ya kwanza ikakabidhiwa familia Machi 2024.

Karani_Mstaafu: Mkiruhusiwa kuzika, kaburi liwe lake peke yake. Namba ya mochari iandikwe kwenye kibati, si kwenye karatasi, na iingizwe katika daftari la makaburi pamoja na safu. Hakimu aweza kuamuru afukuliwe, na pasipo namba mtachimba kaburi la mtu mwingine.