Mjadala: Je, AFC Leopards iliangushwa na viongozi wake, au haikuwahi kujitegemea?

Kuanzia mwaka 1980 hadi 1993, ligi kuu ya Kenya haikuwa na bingwa mwingine isipokuwa AFC Leopards na Gor Mahia. Katika miaka hiyo Ingwe, kama mashabiki wanavyoiita AFC Leopards, peke yake iliutwaa ubingwa mara saba, na ikanyakua pia Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Ubingwa wake wa mwisho wa ligi ni ule wa 1998. Mwaka 2006 ilishushwa daraja, ikarejea 2009, na ingawa imeshinda kombe la mtoano mara kadhaa, zikiwemo 2013 na 2017, hakuna kijana wa Kenya aliye chini ya umri wa miaka 25 aliyewahi kuiona ikiwa bingwa wa nchi. Ninaleta swali hili mbele ya wapenzi wa soka kwa sababu jibu ambalo wengi wetu tumelikariri, yaani kwamba viongozi ndio walioiua klabu, haliniridhishi.

Sisemi kwamba viongozi hawana lawama. Wenyeviti wamebadilika, makocha wamefukuzwa kabla hata hawajawafahamu wachezaji wao, na mwaka 2021 Shirikisho la Soka Duniani liliifungia klabu kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya waliowahi kuitumikia. Hata hivyo, hoja hiyo haielezi kwa nini klabu hiyo hiyo, ikiwa chini ya katiba ya wanachama, chaguzi zenye kelele na siasa za nyumbani, iliweza kutawala kanda nzima katika miaka ya themanini. Mfumo haukuwa bora wakati ule. Vurugu za uchaguzi hazikuanza juzi.

Ninavyoona mimi, kilichobadilika ni yule aliyekuwa akiwalisha wachezaji. Klabu hii ilizaliwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, ikiunganisha timu ndogo ndogo za Waluhya waliokuwa wakiishi Nairobi, na ikachukua jina la sasa mwaka 1980 baada ya serikali kutaka majina ya kikabila yaondolewe katika michezo, amri ile ile iliyoigeuza klabu ya Luo Union kuwa Re-Union. Wachezaji wake wengi wa enzi hiyo walikuwa na ajira nje ya uwanja, katika mashirika ya umma, makampuni na ofisi za serikali. Joe Masiga, mshambuliaji ambaye wazee wetu bado wanamtaja, alikuwa daktari wa meno. Mwanachama mwenye cheo kazini aliweza kumtafutia kijana hodari nafasi ya ukarani, na kijana huyo akaja mazoezini jioni akiwa na hakika ya kodi ya nyumba. Kwa maneno mengine, klabu ilishinda kwa mishahara ambayo haikuilipa yenyewe, na sidhani kama kuna aliyeliona jambo hilo kuwa hatari wakati makombe yalipokuwa yakiendelea kuja.

Miaka ya tisini mpango huo ulivunjika. Serikali ilipunguza wafanyakazi, mashirika ya umma yakadhoofika, na waajiri waliobaki na uwezo wakaona ni heri kuzilea timu zao wenyewe. Kenya Breweries, timu ya kampuni ya bia ambayo leo ni Tusker, ilitwaa ubingwa mwaka 1994 na 1996. Utalii, timu ya chuo cha utalii, ikafuata 1997. Oserian, timu ya shamba la maua huko Naivasha, ikashinda 2001 na 2002. Kisha Ulinzi ya wanajeshi na Sony ya kiwanda cha sukari zikapokezana taji hilo. Mchezaji mwenye akili alichagua mahali penye hati ya mshahara. Ingwe ilibaki na jina, wimbo na mashabiki, vitu ambavyo havilipi kodi mwisho wa mwezi.

Wapo watakaosema kwamba ligi ya Uingereza katika televisheni ndiyo iliyowaondoa watu viwanjani. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, lakini debi ya Mashemeji, yaani mechi ya Leopards na Gor Mahia, bado huvuta umati, kwa hiyo siwezi kuipa uzito mkubwa.

Pingamizi zito ni la Gor Mahia. K'Ogalo nayo ni klabu ya wanachama, nayo ilikaa bila ubingwa tangu 1995 hadi 2013, kisha ikainuka na kushinda ligi mara kwa mara. Ikiwa tatizo ni mfumo wa fedha, mbona jirani aliponyoka? Nakiri kwamba pingamizi hili linanisumbua. Sehemu ya jibu ni kwamba Gor ilidumu na mwenyekiti mmoja, Ambrose Rachier, kwa zaidi ya muongo mmoja, na ikafika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2018/19, huku Ingwe ikitolewa mapema mwaka 2018 na Fosa Juniors ya Madagascar. Lakini SportPesa, kampuni ya kamari iliyozidhamini klabu zote mbili, ilipositisha udhamini mwaka 2019, Gor nayo ilianza kudaiwa mishahara na ikafungiwa usajili mwaka ule ule wa 2021. Iliendelea kushinda, ndiyo, lakini ilishinda ikiwa na madeni. Kwa Ingwe pigo lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa mwaka huo huo wa 2019 kampuni ya sukari ya Mumias, mdhamini wake wa zamani kutoka nyumbani kabisa Kakamega, iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni.

Kuna wanaopendekeza njia ya Simba ya Dar es Salaam, ambayo wanachama wake waliridhia mwekezaji apewe asilimia 49 ya hisa. Siipingi, ila nauliza Leopards itauza nini. Haina uwanja wake, na hakuna mwekezaji makini atakayeweka fedha mahali ambapo hesabu hazijulikani. Mimi ningeanza na mambo mawili ya kawaida kabisa: hesabu zilizokaguliwa zichapishwe kila mwaka ili kila mwanachama azisome, na asisajiliwe mchezaji ambaye mshahara wake wa msimu mzima haujawekwa benki, hata kama maana yake ni kucheza na vijana wa mtaani kwa misimu mitatu na kumaliza katikati ya jedwali. Najua mashabiki hawatapenda. Anayeona kwamba kuna njia ya mkato atueleze hapa, na aanze kwa kutuambia mshahara wa mwezi ujao utatoka wapi.