Tupeane uzoefu: uliipataje propela inayoifaa boti yako ya pontuni?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, naanza na kosa langu mwenyewe ili wengine wapate ujasiri wa kueleza yao. Nilipoanza kutumia boti yangu ya pontuni, ambayo ina mirija miwili ya kuelea chini yake na mashine ya nguvu za farasi 60, niliamini kwamba propela yenye pichi kubwa ndiyo yenye mbio, nikafunga ya inchi 15. Kwa asiyelijua neno hilo, pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa parafujo inayozama kwenye ubao, na kipenyo ni upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga yake.

Kitabu cha mashine yangu kinataka mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika pale mafuta yanapofunguliwa mpaka mwisho. Nikiwa na abiria wanane, geji haikupita 4,600, na mwendo uliishia kilomita 30 kwa saa. Mashine ilikuwa ikinguruma kwa sauti nzito, mithili ya gari lililojaa mzigo linalopandishwa mlima kwa gia kubwa, nami kwa ujinga wangu niliichukulia sauti ile kuwa ndiyo dalili ya nguvu. Baadaye nilielewa kwamba mashine inayobanwa namna hiyo hupata joto kupita kiasi, hujaza masizi kwenye plagi na hatimaye huweza kuharibu pistoni.

Niliposhuka hadi pichi ya inchi 12 yenye kipenyo kikubwa kidogo kuliko ile ya kwanza, mizunguko ilipanda hadi 5,200 kwa abiria walewale, na mwendo ukafika kilomita 33. Kwa hiyo nilipunguza pichi nikaongeza mbio, jambo ambalo nisingelikubali kama ningeelezwa kwa maneno tu. Wenzangu, ninyi mlipitia njia ipi?

Fundi wa Gati

Ndugu, hesabu yako inakubaliana na kanuni tunayoitumia siku zote: kila inchi moja ya pichi inayopunguzwa huongeza takribani mizunguko 150 hadi 200. Ulishuka inchi tatu, ukapata 600. Pontuni ni chombo kizito chenye kuburuza maji mengi, na ndiyo maana hupenda kipenyo kikubwa na pichi ndogo, wakati boti nyepesi ya mbio hupenda kinyume chake.

Naomba nikuongezee hesabu ya mtelezo, yaani pengo kati ya mwendo ambao pichi ingetoa na mwendo halisi wa boti. Kama gia ya mashine yako ni 2.33 kwa 1, yaani mashine huzunguka mara 2.33 kwa kila mzunguko mmoja wa propela, basi kwenye mizunguko 5,200 propela yenyewe huzunguka kama mara 2,232 kwa dakika. Zidisha kwa inchi 12, yaani sentimita 30.48, utapata mita 680 kwa dakika, ambazo ni karibu kilomita 41 kwa saa. Wewe ulikwenda 33, kwa hiyo mtelezo wako ni kama asilimia 19, na kwa pontuni hiyo si hali mbaya hata kidogo. Ukipiga hesabu hiyohiyo kwa ile ya inchi 15 utaona kwamba mtelezo ulifika theluthi nzima.

Mama Nahodha

Mimi nilihangaishwa na upepo kuliko mbio. Pontuni ina ubavu mrefu juu ya maji, hivyo kila nilipokaribia gati upepo ulinisukuma pembeni, na nikitia gia ya nyuma propela yangu ya mapanga matatu ilichuruza maji bila kuyashika. Nilihamia ya mapanga manne, nikapunguza pichi kwa inchi moja kwa sababu panga la ziada nalo ni mzigo kwa mashine. Nilipoteza kama kilomita mbili za mwendo wa juu, nami sizikumbuki hata siku moja, maana sasa boti husimama pale ninapotaka isimame.

Mvuvi Mtulivu

Natahadharisha kwamba si kila tatizo la namna hii ni la propela. Mashine yangu ilipanda ghafla hadi mizunguko 5,800 huku boti ikijikokota, nikashauriwa ninunue propela yenye pichi kubwa zaidi ili kuizuia. Kabla sijanunua, mzee mmoja aliniambia nichore mstari mmoja wa rangi unaovuka kitovu, kuanzia sehemu ya ndani hadi ya nje, kisha nikaiendeshe boti kwa nguvu. Niliporudi, mstari ulikuwa umeachana vipande viwili. Bushi ya mpira iliyo ndani ya kitovu ilikuwa imechoka, kwa hiyo shafti ilizunguka peke yake na kuyaacha mapanga nyuma. Nilibadilisha bushi tu, na propela ileile naitumia hadi leo.

Mirija Mitatu

Yangu ilikuwa kinyume cha yako, Mvuvi. Mizunguko ilipungua pole pole kwa 300 hivi katika msimu mmoja, nikashusha pichi, hali ikawa nafuu, kisha ikaanza kushuka tena. Tulipoitoa boti majini tuligundua kwamba mrija wa kushoto ulikuwa na ufa mdogo kwenye uungio na umebeba maji ya kutosha. Baada ya kuuziba, ile propela niliyoinunua ikawa ndogo kupita kiasi, mashine ikafikia kizuizi chake cha mizunguko na kuanza kukatakata. Nililipia ujuzi huo mara mbili.

Fundi wa Gati

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Pima boti ikiwa safi, mafuta yakiwa ya kawaida na watu ukiwapakia idadi unayoichukua siku zote, kwani kuipima ukiwa peke yako ni kujidanganya. Kuhusu alumini na chuma kisichoshika kutu, kwa mwendo wa pontuni nyingi tofauti si kubwa. Mimi nachagua alumini kwenye maji yenye mawe, kwa kuwa propela iliyopinda panga hubadilishwa kwa urahisi kuliko gia iliyovunjika.

Mama Nahodha

Mwanzisha mada, je, mashine yako hupiga kelele ukikata kona? Yangu ilikuwa ikifanya hivyo hata kwa propela mpya, kumbe ilifungwa juu mno na propela ikawa inavuta hewa. Tuliishusha kwa tundu moja la bolti, kelele zikaisha.

Mwanzisha mada

Ndiyo, Mama, hupiga kelele kona za kushoto, nami nilidhani ni kawaida yake. Nimekwenda kuangalia jioni hii: lile bamba lililo juu ya propela, linalozuia isivute hewa, liko juu ya usawa wa chini wa mirija kwa zaidi ya upana wa vidole vitatu. Kesho asubuhi nafungua bolti naishusha, kisha nitapima upya kwa abiria wanane walewale na kuleta majibu ya geji hapa.